Kodi Ngumu Huachwa Chini: Historia ya Mapato ya Serikali za Mitaa Tanzania Bara

Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milima ya Upare wakakusanyika Same, penye ofisi ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Dai lao lilikuwa moja: kodi mpya iondolewe. Walipoambiwa warudi makwao walikaa palepale. Waliochoka walipokewa na wenzao kutoka vijijini, chakula kikaletwa kutoka milimani, na mkusanyiko uliodhaniwa ungetawanyika jioni ukageuka kambi ya miezi.

Kodi hiyo iliitwa mbiru. Wakuu wa jadi wa Upare, kwa baraka za serikali ya kikoloni, walikuwa wameazima jina la tozo ya zamani wakalibandika kwenye jambo jipya. Hazina yao ya wenyeji ilihitaji fedha zake yenyewe, kwa kuwa kodi ya kichwa ilikuwa mali ya Serikali Kuu na wao walirudishiwa fungu tu. Wakaamua kila mtu alipe kwa kadiri ya uwezo wake: mwenye kahawa, ng'ombe au duka azidi, mwenye kihamba kidogo apungue. Kwa haki ya kodi wazo hilo halina dosari. Hata leo mchumi yeyote angelipigia makofi.

Tatizo lilikuwa swali dogo: nani anajua fulani ana nini? Wakadiriaji waliteuliwa na watawala wenyewe. Walipita wakitazama migomba, wakihesabu mifugo, wakikisia mavuno ya kahawa, kisha wakaandika daraja la kila mlipaji. Mtu aliyegombana na mkadiriaji kuhusu mpaka wa shamba alijua mapema daraja lake litakuwa lipi. Ndugu wa mtawala naye alijua. Hapakuwa na hesabu ya kuonyesha wala mahali pa kukata rufaa pasipokaa walewale waliokukadiria.

Wapare hawakuwa wamekataa kulipa kodi. Kodi ya kichwa yenye kiwango kimoja walikuwa wakiilipa. Kilichowashusha milimani ni kupimwa mali na watu wasiowaamini. Miongoni mwa waliowaongoza alikuwa Paulo Mashambo, na silaha zao zilikuwa barua, mabaraza na ukaidi wa kukaa chini. Mwanzoni mwa 1946 wanawake wa Usangi waliingia uwanjani kwa namna ambayo maofisa hawakuitarajia. Walimkabili ofisa wa wilaya wakamtaka amalize mgogoro ili waume zao warudi nyumbani. Kama hawezi, basi awape mimba yeye mwenyewe wote. Ukifikiria sura ya kijana wa Kiingereza aliyetumwa kukusanya shilingi, unaelewa kwa nini serikali iliona heri kurudi nyuma. Kufikia 1947 mbiru ilikuwa imekwisha na kiwango kimoja kwa wote kikarudi. Isaria Kimambo, mwanahistoria aliyezaliwa milimani humohumo, aliandika kitabu juu ya mkasa huo kilichotoka mwaka 1971, na ni vigumu kuelewa fedha za halmashauri zetu bila kupitia Same.

Nimeanza na Upare kwa sababu pale mambo yote yako wazi kwa pamoja. Serikali ya chini inahitaji fedha. Kodi nyepesi imeshachukuliwa na serikali ya juu. Ya chini inaachiwa ile ngumu, inayotaka kujua mali ya kila mtu, na inaikusanya ikiwa haina hesabu za kuaminika wala imani ya watu. Ikishindwa, lawama zinakuwa zake. Mtindo huo ulianza kabla ya Waingereza, na ulinusurika uhuru, Azimio la Arusha, vyama vingi na mashine za kielektroniki.

Pwani ilijua ushuru muda mrefu kabla ya bendera ya Kijerumani. Tangu miaka ya 1830 forodha ya Zanzibar ilikuwa mikononi mwa nyumba ya mfanyabiashara wa Kihindi Jairam Shivji. Mpango ulikuwa mwepesi: mfanyabiashara alimlipa Sultani kiasi walichokubaliana kila mwaka, naye akakusanya ushuru wa pembe za ndovu, karafuu na nguo, na kilichozidi kilikuwa chake. Sultani alipata fedha za uhakika bila kuajiri makarani. Alichokosa ni kujua bandari yake inaingiza kiasi gani hasa. Tutakutana na mpango huu tena, ukiwa umevaa suti.

Wajerumani ndio walioingiza Bara kodi ya kila nyumba. Amri ilitolewa Novemba 1897, enzi za Gavana Eduard von Liebert, na ukusanyaji ukaanza 1898. Shamba kila nyumba ilidaiwa rupia 3 kwa mwaka, mjini zaidi ya hapo. Miaka ya mwanzo wengi walilipa kwa nafaka, na asiye na nafaka alilipa kwa nguvu zake. Nia ya kodi haikufichwa: pamoja na kujaza hazina, ilikusudiwa kumtoa mwanamume kwake akatafute rupia kwenye mashamba ya walowezi na ujenzi wa barabara. Maofisa wa Kijerumani walikuwa wachache mno kuweza kuhesabu vibanda vya nchi nzima, kwa hiyo waliazima utawala wa pwani wa maliwali, maakida na majumbe wakausukuma hadi bara. Jumbe alihesabu nyumba, akakusanya, akabakiza fungu lake. Tangu siku hiyo mtoza kodi wa kijijini akawa mtu anayekula kutokana na anachokusanya.

Jambo linalosahaulika ni kwamba Wajerumani pia walianzisha serikali za mitaa za kwanza zenye fedha zao. Mwanzoni mwa karne ya 20 wilaya ziliundiwa mabaraza yaliyoitwa Kommunen, yakapewa nusu ya kodi ya nyumba iliyokusanywa wilayani ili yajenge barabara, masoko na shule. Kwa nchi ya wakati ule ulikuwa mgao mkubwa. Ila waliokaa kwenye mabaraza hayo walikuwa ofisa wa wilaya na walowezi zaidi, na moja ya kazi walizojipa ilikuwa kusimamia mashamba ya pamoja ya pamba. Wenyeji walilimishwa kwa zamu, pamba ikauzwa, mapato yakagawanywa kati ya baraza, majumbe na wakulima, na fungu la mkulima likawa hafifu kiasi kwamba wako waliokataa kulipokea. Julai 1905 huko Umatumbi, nyuma ya Kilwa, watu waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Vita hivyo vilikuwa na sababu nyingi na haifai kuvipunguza kuwa ugomvi wa ushuru, lakini ni vyema kukumbuka kwamba shamba lililong'olewa lilikuwa la mradi wa mapato ya wilaya.

Mwaka 1909, Gavana Albrecht von Rechenberg akiwa madarakani, mabaraza hayo yalivunjwa karibu yote na fedha zake zikarudi Dar es Salaam. Hiyo ikawa mara ya kwanza kwa chombo cha wilaya kupewa chanzo cha mapato kisha kunyang'anywa.

Waingereza walipokuja walitunga sheria yao ya kodi ya nyumba na kichwa mwaka 1922. Donald Cameron, gavana kuanzia 1925, akaleta sheria ya utawala wa wenyeji ya 1926 na pamoja nayo hazina za wenyeji. Tozo za kale ambazo watu waliwapa watemi na wakuu wao, za nafaka, pombe, siku za kulima, zilifutwa na mahali pake mtawala akapewa mshahara. Wazo lilikuwa la usafi wa hesabu. Lakini mtemi aliyepokea nafaka alitarajiwa pia kulisha wenye njaa na kuchinja wakati wa sherehe. Mtemi wa mshahara alibaki na kitabu cha stakabadhi. Kodi ilikusanywa na yeye, kwa jina la serikali, na hazina yake ikarudishiwa sehemu. Asiyelipa alifungwa au alipelekwa kufanya kazi za barabara. Wanaume walisafiri na vyeti vyao vya kodi mfukoni, maana njiani kuulizwa cheti kulikuwa jambo la kawaida kama kuulizwa habari.

Ndani ya mpango huo ndipo Upare walipotafuta chanzo chao wenyewe na kuangukia mbiru. Jirani zetu nao walipitia njia hiyo. Uganda ilikuwa na kodi ya madaraja iliyodumu kuliko yetu. Mwaka 1960, miaka miwili kabla ya uhuru wao, wilaya ya Bukedi ililipuka kwa ghasia dhidi ya makadirio yaliyofanywa na machifu, na watu wakafa. Hata hivyo kodi hiyo iliendelea kuwa uti wa mgongo wa wilaya za Uganda hadi ilipofutwa mwaka 2005, uchaguzi ukiwa mlangoni.

Uhuru ulipofika, Tanganyika iliwaondoa machifu kwenye utawala mwaka 1963 na kuyapa mabaraza ya kuchaguliwa majukumu makubwa: shule za msingi, zahanati, barabara, maji. Fedha zilitegemewa kutoka kodi ya kichwa ya halmashauri na ushuru wa mazao. Watu waliokuwa wameahidiwa kwamba uhuru ni mwisho wa kusumbuliwa hawakuona sababu ya kumkimbilia karani wa kodi, na madiwani waliotaka kura hawakuona sababu ya kuwalazimisha. Mabaraza mengi yakaelemewa. Mwaka 1969 kodi ya kichwa ya halmashauri ilifutwa, na muda mfupi baadaye ushuru wa mazao ukafuata. Halmashauri zilibaki na majukumu yaleyale bila mifuko. Mtu aliyenyimwa jembe asishangazwe akiambiwa hajui kulima.

Mwaka 1972 halmashauri zenyewe zikafutwa. Kampuni ya washauri ya McKinsey ilikuwa imeandaa mpango, na siasa ikauita Madaraka Mikoani, ingawa madaraka yaliyokwenda mikoani yalikuwa ya maofisa wa Serikali Kuu. Mabaraza ya miji nayo yalifuata. Miaka michache ilitosha kuonyesha matokeo: taka zisizozolewa, mifereji iliyoziba, magari ya zimamoto yasiyowaka. Kipindupindu kilipoingia nusu ya pili ya miaka ya 1970, hoja ya kwamba mji unaweza kuendeshwa bila baraza lake ilikosa mtetezi. Mabaraza ya miji yalirejeshwa mwaka 1978. Kwa wilaya, sheria mpya zilipitishwa 1982, mojawapo ikiwa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na halmashauri zikafufuka rasmi 1984.

Zilifufuka na njaa. Muongo mzima wa uzoefu ulikuwa umepotea: madaftari ya walipa kodi hayakuwepo, makarani wa zamani walistaafu au walihamishwa, na uchumi wa nchi ulikuwa umekwama. Chanzo kikuu zilichopewa kilikuwa kodi ya maendeleo, iliyodaiwa kwa kila mtu mzima. Kwa jina ilikuwa mpya, kwa umbo ilikuwa kodi ya kichwa iliyofutwa 1969.

Msomaji mwenye umri wa miaka arobaini na zaidi aliyekulia kijijini hahitaji kusimuliwa. Mgambo walisimama njia panda siku ya mnada, wakazuia magari, wakashusha abiria, wakadai stakabadhi. Asiyekuwa nayo alipelekwa ofisi ya kata, na pengine baiskeli au kuku ikashikwa hadi ndugu walete fedha. Habari za msako zilipovuma wanaume walilala porini. Vijana walihama mji kwa mji wakati wa msimu wa kodi. Odd-Helge Fjeldstad na Joseph Semboja, waliofanya utafiti Kibaha na Kilosa miaka ya 1990, walieleza kwa undani jinsi ulipaji ulivyotegemea uwezekano wa kukamatwa na jinsi watu walivyohoji kodi yao inaleta nini, na vyama vingi vilipoingia wanasiasa wakaona kwamba kushauri watu wasilipe kunaleta kura.

Pamoja na kodi hiyo kulikuwa na msururu wa tozo nyingine: leseni ya baiskeli, ushuru wa pombe ya kienyeji, ushuru wa ng'ombe mnadani, ushuru wa mkaa, ada ya hiki na kile. Nyingine ziligharimu zaidi kuzikusanya kuliko zilichoingiza, lakini halmashauri haikuweza kuziacha kwa kuwa hata senti hizo ndizo zilizomlipa mtendaji posho. Kulikuwa na sababu nyingine ambayo ripoti rasmi huigusa kwa adabu: tozo nyingi ndogo zinazolipwa taslimu njiani ni riziki ya watu wengi wasioandikwa kwenye bajeti.

Juni 2003 Waziri wa Fedha Basil Mramba alitangaza bungeni kwamba kodi ya maendeleo inafutwa pamoja na rundo la kodi zenye kero. Ushuru wa mazao ukawekewa ukomo wa asilimia 5. Mwaka uliofuata leseni za biashara ndogo nazo zikaguswa. Wananchi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Sioni jinsi mtu anavyoweza kutetea utaratibu wa kumvizia baba wa familia njia panda. Ila uamuzi huo, kama ule wa 1969, haukuambatana na chanzo kingine. Halmashauri zilipewa ruzuku ya kufidia. Ruzuku hupangwa na Hazina, huchelewa, hupungua, na huja na maelekezo. Katika miaka iliyofuata halmashauri nyingi za vijijini zilikusanya zenyewe chini ya shilingi kumi katika kila mia zilizotumia. Diwani akawa mtu wa kusubiri taarifa kutoka Dodoma.

Nimewasikia watu wenye akili timamu wakisema kwamba hilo si tatizo: fedha ni fedha, ziwe zimetoka juu au chini. Siafikiani nao. Anayekulipa ndiye unayemjibu. Mkurugenzi ambaye mshahara, barabara na dawa zake vinatoka Hazina atajibu simu ya Hazina kwanza, na mwenye swali kijijini atangoja.

Baada ya 2003 chanzo kikuu kilichobaki vijijini kilikuwa ushuru wa mazao, na mjini kodi ya majengo. Kila kimoja kina kisa chake.

Ushuru wa mazao unakusanywa kwa njia ile ile ya jumbe, yaani pale mali inapopita. Ndiyo maana ramani ya mapato ya halmashauri nyingi ni ramani ya mageti. Gunia la mahindi linatoka Kiteto au Sumbawanga, linakutana na kamba barabarani, mtu anatoka kibandani na kitabu. Wafanyabiashara hulipa kisha humkata mkulima kwenye bei, kwa hiyo anayebeba mzigo ni yule ambaye jina lake haliko kwenye risiti. Magari hupita usiku, au hupita njia za panya, au hupita mchana baada ya mazungumzo mafupi. Mazao yaliyotozwa wilaya moja hutozwa tena wilaya ya pili. Mwaka 2017 Serikali ilishusha kiwango hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula, na kusamehe mizigo isiyozidi tani moja inayovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mkulima mdogo alipata nafuu ya kweli. Magunia nayo yakaanza kusafiri kwa makundi ya chini ya tani moja, kama ilivyotarajiwa na kila mtu isipokuwa sheria.

Wilaya za korosho zina bahati kidogo, kwa kuwa mfumo wa stakabadhi ghalani unaupitisha mzigo wote kwenye maghala na minada inayojulikana, hivyo ushuru unakatwa penye hesabu. Bahati hiyo ina mipaka. Msimu wa 2018, baada ya mgogoro wa bei, Serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Ushuru ambao halmashauri za Mtwara na Lindi ziliutegemea kwenye bajeti ukaingia kwenye sintofahamu. Uamuzi wa siku moja Dar es Salaam uliyumbisha madawati na zahanati za Tandahimba.

Kodi ya majengo ndiyo iliyostahili kuwa nguzo ya miji. Nyumba haihami, haifichwi porini, thamani yake hupanda mji unapokua, na mwenye nyumba anaona kwa macho yake kama mtaro umezibuliwa au la. Sheria ya miji kutoza majengo ilitungwa 1983. Ilihitaji vitu viwili vya gharama: wathamini na daftari la majengo. Miji ikakua haraka kuliko daftari. Manzese, Tandale, Mbagala, Buguruni vilijengwa bila viwanja kupimwa, na nyumba isiyo na namba haiwezi kuletewa hati ya madai. Majengo yaliyothaminiwa yalikuwa machache na thamani zake za kizamani. Ghorofa la Kariakoo lingeweza kulipa kiasi kilichopangwa lilipokuwa nyumba ya udongo.

Badala ya kujengewa uwezo, miji ilinyang'anywa kodi yenyewe. Mwaka 2008 ukusanyaji kwa Dar es Salaam ulipewa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Mwaka 2014 ukarudishwa kwa manispaa. Mwaka 2016 ukapelekwa tena TRA, safari hii na kwa miji mingine. Kila kuhama kulikuja na mfumo mpya wa kompyuta, daftari lililohamishwa nusunusu, na walipa kodi waliopewa madai mara mbili au wasipewe kabisa. Mwaka 2018 uthamini ukawekwa pembeni na viwango vya jumla vikatangazwa, shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida. Kisha Agosti 2021 kodi ikaingizwa kwenye ununuzi wa umeme wa LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 5,000 kwa ghorofa.

Sina ubishi kwamba LUKU inakusanya vizuri. Haina posho, haichoki, haipatani bei. Lakini tazama kilichopotea njiani. Mpangaji wa chumba kimoja mwenye mita ndiye aliyekatwa, na ilibidi atangaziwe kwamba akaongee na mwenye nyumba. Wazee waliosamehewa kisheria walitakiwa kwenda kujieleza ili wasikatwe. Nyumba ya bati mbili Kigogo na nyumba ya kifahari isiyo na ghorofa Masaki zililingana. Na fedha zilikwenda Hazina, sehemu yake ndogo tu ikirudi mjini. Mwenye nyumba wa Kinondoni akiona mtaro umefurika leo hajui amuulize nani, kwa kuwa kodi yake ameilipa kwa kubonyeza namba za umeme.

Hali hiyohiyo iliwakuta machinga. Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na mwenye kitambulisho asisumbuliwe. Kwa mama muuza mboga aliyezoea kudaiwa kila asubuhi ilikuwa ahueni. Kwa soko la halmashauri lilikuwa pengo, maana ushuru wa kila siku ndio uliolipa wafagiaji.

Na migodi? Halmashauri zilipewa haki ya ushuru wa huduma, wakati ule asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni. Katika mikataba ya migodi mikubwa ya dhahabu Serikali Kuu ilikubali kwa niaba yao kiwango maalumu, dola 200,000 za Marekani kwa mwaka, hata bei ya dhahabu ipande vipi. Geita ilikaa na fedha hizo miaka mingi kabla mgodi haujaanza kulipa kwa asilimia katikati ya miaka ya 2010, na mapato ya halmashauri yakapanda ghafla. Chanzo kilikuwepo muda wote. Kalamu iliyokisaini ndiyo iliyokuwa mbali.

Mahali pengine halmashauri zenyewe zimejifunga. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 nyingi zilitoa masoko, stendi na maegesho kwa mawakala. Wakala anashinda zabuni, analeta kiasi cha mkataba kila mwezi, anabaki na ziada. Ni mpango wa Jairam Shivji, na kasoro yake ni ileile: mwenye mali hajui mali yake inazaa kiasi gani, kwa hiyo zabuni inayofuata atapangiwa bei na yule anayejua. Zilipoletwa mashine za kielektroniki za POS, tumaini lilikuwa kwamba kila risiti itaonekana makao makuu papo hapo. Mapato yalipanda sehemu nyingi. Hata hivyo ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikirudia mwaka baada ya mwaka: mashine zilizozimwa siku nyingi, fedha zilizokusanywa zisizofika benki, fedha mbichi zilizotumika kabla ya kuandikwa. Mashine inaonyesha aliyekula. Kumchukulia hatua ni kazi ya watu, na watu hao mara nyingi ni wa ukoo mmoja wa siasa.

Katika historia hii yote sijaona kipindi ambacho Watanzania walikataa kabisa kulipia maendeleo ya kwao. Shule nyingi za kata za miaka ya 2000 zilisimama kwa michango ya vijiji, matofali yakifyatuliwa na walewale walioitwa wakwepa kodi. Walichokikataa Same, na baadaye Kilosa, ni kulipa bila kuona hesabu.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Kodi ya majengo irudi kwenye miji, na safari hii isirudi mikono mitupu: iende na wathamini, daftari la nyumba zote, na muda usiopungua miaka kumi wa kuachwa ifanye kazi bila kuhamishwa. LUKU inaweza kuendelea kuwa mlango wa kulipia, mradi fedha ziingie akaunti ya manispaa na bili ionyeshe mtaa na thamani ya nyumba. Vijijini, mageti yapungue na ushuru ukatwe ghalani au mnadani, penye mizani na karatasi. Mikataba yoyote inayogusa chanzo cha halmashauri isisainiwe bila halmashauri yenyewe kuwapo mezani.

Nawe msomaji, kabla ya hayo hujakosa la kufanya. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, na taarifa ya mapato na matumizi ni haki yako kuisikia ikisomwa. Hudhuria, uliza kitabu, na usikubali kuambiwa kwamba mtendaji amekisahau nyumbani.